Majani ya Mlima wa Nyuma

14 Oktoba 1971

Mwanangu Isamu,

Hujambo huko kwenye handaki mnalochimba? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila magoti yananisumbua kila mvua ikikaribia.

Chizuru wako na wajukuu wawili wa jirani yetu Mzee Genzo wamenijazia nyumba majani. Kila siku wakitoka shule wanayapanga katikati ya magazeti, nami nayagandamiza kwa jiwe la pipa la achari. Wanataka kukutengenezea kadi. Mwaka huu hawahitaji ngazi: ule mti mkubwa wa momiji nyuma ya nyumba umeinama hadi wanachuma majani mekundu kwa mkono. Maji ya kisima tu ndiyo yamekuwa meupe, kama yaliyooshewa mchele.

Mama yako

21 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama. Huu mwaka wa tisa nachimba milima. Mti mzima hauinami hivihivi. Huo mlima unateremka. Ondokeni leo, mwende shuleni bondeni. Mwambie na Mzee Genzo. Nimeomba ruhusa, lakini msinisubiri. Nakusihi, mama.

Mwanao Isamu

26 Oktoba

Mwanangu,

Barua imefika jana, nikamwendea Genzo. Alicheka hadi akakohoa: "Tomie, mwanao kakaa chini ya ardhi mpaka anauogopa udongo!" Nikaona aibu, nikarudi. Watoto nao wakalia, eti majani yakitolewa sasa yatajikunja, yanataka siku mbili. Nikasema haya, mbili tu.

Mvua haijakata tangu juzi. Asubuhi hii mlango wa nyuma umegoma kufunguka. Chizuru akaweka sikio ukutani: "Bibi, nani anatafuna huko nje?" Nami nikasikia. Ni mizizi inakatika.

Tunashuka sasa hivi. Barua hii nampa mtu wa posta njiani.

Mama yako

29 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Niko shuleni, mwalimu ananisaidia herufi ngumu.

Tuliondoka na bibi na wale wajukuu. Tulipofika darajani bibi akasema, "Tangulieni, mshikane mikono. Mimi namrudia yule mzee mbishi." Halafu mlima ukanguruma, na njia hatukuiona tena.

Mzee Genzo alifika jioni, matope hadi kwenye nywele. Anasema bibi alimsukuma mbele. Tangu hapo hali chakula, anachimba tu na wanaume wengine. Mimi wamenikataza kutoka.

Nimemwomba mwalimu akuwekee koleo. Njoo upesi.

Mwanao Chizuru