Sahihi ya L. Nungarrayi

Kisima cha Mwewe,
Jumapili, 11 Juni

Kwako dada Lorna,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Sijui kama barua hii itakukuta kwenye kiti cha mashine au nje juani na wenzako wa hosteli, lakini popote itakapokukuta, naomba ikukute damu imesafishwa na miguu haijavimba. Nesi anayekuletea barua hii ameniambia kuwa siku hizi unakula vizuri, ila unagombana na wapishi kuhusu chumvi. Nikajua dada yangu mzima.

Sisi huku tupo. Baridi imeingia, asubuhi maji ya mbwa yanaganda kwenye ndoo, na goti langu linanitangazia hali ya hewa kabla ya redio. Shangazi Napaljarri anaona kwa jicho moja tu sasa, lakini hilo moja linatosha kuwatia watu adabu. Anakusalimu, na anasema umtumie blanketi, tena la dukani, si lile jembamba la hospitali. Matanga ya yule mama wa Kambi ya Magharibi, ambaye jina lake hatulitaji tena, yamekwisha na nyumba yake imefukizwa moshi. Timu yetu ya mpira imefungwa tena, na kama kawaida refa ndiye mwenye makosa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako, dada, unaiweka spika, na nikikohoa huku, mji wote wa Alice Springs unajua nina mafua. Haya ya leo nataka uyasome kwanza kwa macho yako. Ukiisha kuyasoma, mwenyewe utaamua nani ayasikie. Naandika kwa lugha yetu, ile tuliyofundishwa kuiandika shuleni kabla serikali haijaiondoa darasani. Mkono umekuwa mzito, lakini herufi bado zinanitii.

Unaikumbuka habari ya ile nyumba mpya ya watoto wadogo, karibu na kliniki. Iliisha mwaka jana mwezi wa nne. Wakaja wakapiga picha, wakafunga mlango kwa kufuli kubwa, wakaondoka. Tukasubiri. Tulipouliza, tukaambiwa anatafutwa mwalimu mkuu mwenye cheti. Akapatikana, akasema hakuna nyumba ya yeye kulala. Ikajengwa nyumba ya mwalimu, mwalimu akawa ameshapata kazi pwani. Binti yetu Shanelle aliomba kazi hiyo mara mbili. Unajua alivyosoma miaka mitatu kwa karatasi za posta, taa ya simu mdomoni umeme ukikatika. Walimjibu kuwa bado amepungukiwa somo moja, na somo hilo linafundishwa Darwin, ana kwa ana, wiki sita. Ana watoto wanne, dada. Nani angekaa nao wiki sita, na chekechea yenyewe imefungwa kufuli?

Basi Jumanne baada ya Pasaka, Shanelle alikuja kwangu na bisibisi. Akaniambia bawaba za mlango ule zimefungwa kwa nje. Nilimwambia anywe chai kwanza. Akanywa, akasema, "Mama mdogo, mimi nimeshakunywa chai mwaka mzima." Tukaenda. Haikuwa usiku, wala hatukujificha. Ilikuwa mchana kweupe, watu wakitoka dukani na mikate yao. Skrubu kumi na mbili. Mimi nilishika mlango, yeye akafungua. Kisha tukauegemeza ukutani taratibu, kama mtu anavyomlaza mgonjwa, maana hatukutaka uharibike.

Ndani palinuka rangi na mavi ya panya. Viti vidogo vilikuwa bado vimevaa nailoni zake. Palikuwa na vyoo vidogo vinne, vifupi hivi, nikakalia kimoja kwa mzaha na goti likakataa kuniinua. Kulikuwa na friji kubwa kuliko ya kliniki, inanguruma tupu mwaka mzima, ikipoza hewa. Shanelle aliingia chumba kimoja baada ya kingine, halafu akakaa chini katikati ya mito ya watoto na kulia. Mimi nilitafuta fagio.

Kesho yake walikuja watoto saba. Wiki ya pili walikuwa kumi na tisa. Tunawaosha nyuso, tunawapaka dawa ya macho wanaohitaji, tunawapa uji, na Alhamisi mchuzi wa mkia wa kangaruu kama wanaume wamepata. Shangazi Napaljarri anakaa nje mchangani, anawachorea hadithi kwa kidole na kuzifuta kwa kiganja, na wanaketi wametulia kuliko walivyowahi kutulia mbele ya televisheni. Ijumaa tunawapeleka porini kuchimba kenge. Yule mjukuu wa Shangazi ambaye alikuwa haongei kabisa, mwenye masikio yanayotoka usaha, ameanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi, lakini lilikuwa katika lugha yetu na alilitamka sawasawa.

Wiki ya sita ikaja barua ya serikali: tumeingia bila ruhusa, tuhame ndani ya siku kumi na nne, na ofisa atakuja kutueleza. Akaja Jumatano ya wiki iliyopita kwa ndege ndogo, yeye na wanaume wawili. Anaitwa Bi Meredith. Si mtu mbaya. Alivua miwani alipotusalimia, akakaa chini mchangani kama sisi, ingawa suruali yake ilikuwa nyeupe. Kambi nzima ilikuja. Hata wanaume walikaa upande wao, wakijifanya wamekuja kutengeneza Toyota.

Bi Meredith alifungua ripoti nene na kutueleza kwa upole kwamba serikali haijatusahau. Alisema kwa kila mtoto wetu mdogo hapa, serikali mwaka jana ilitumia dola elfu thelathini na moja. Shanelle akatafsiri. Halafu Shangazi akamnyanyua mjukuu wake kwa kwapa, akamgeuza huku na huku, akamkagua mpaka nyayo, akasema, "Mwambieni huyu binti anionyeshe zimekaa wapi. Mimi nina jicho moja, labda sizioni."

Dada, tulicheka mpaka mbwa wakabweka. Bi Meredith naye alitabasamu, lakini alipotafsiriwa uso wake ulibadilika rangi. Akaeleza kuwa hesabu hiyo ni ya vitu vingi: ndege, washauri, ukarabati, ofisi ya Darwin inayoshughulikia mambo yetu, na nyumba ya mwalimu. Shanelle akasimama. Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa lugha yetu ili wazee wasikie: "Kwa hiyo mwaka jana mwanangu aligharimu elfu thelathini na moja kukaa nje ya mlango uliofungwa. Wiki sita hizi amekaa ndani, na hamkutoa hata sabuni. Sasa nieleze, ni lipi hasa mnalotaka tuache?"

Mmoja wa wale wanaume wawili waliokuja naye akasema si suala la sabuni, ni suala la sheria. Jamii yetu yenyewe, alisema, ilikubali. Miaka tisa iliyopita tulikabidhi huduma zote za watoto wadogo kwa serikali, tukaahidi kutoendesha chekechea yetu tena. Akatoa karatasi. Mwenyekiti wenu wa kina mama alitia sahihi, akasema, na akainyanyua wote waione. L. Nungarrayi.

Nilisikia jina lako likipita midomoni mwa watu kama upepo kwenye nyasi. Lorna. Lorna huyo. Mtu mmoja wa Kambi ya Juu akasema waziwazi kuwa si ajabu, aliuza chekechea kisha akaenda zake mjini. Nikamtazama Shanelle. Alikuwa ameinamisha kichwa, dada. Mwanao alikuwa anaona aibu kwa ajili yako.

Sasa nisikilize, na kama umekaa, endelea kukaa.

Ile karatasi niliitia sahihi mimi.

Ilikuwa ile wiki ulipopelekwa hospitali mara ya kwanza, tulipodhani ni homa tu. Alikuja mzungu mmoja na gari jeupe, akauliza, wewe ni Bi Nungarrayi? Nikasema ndiyo. Hakuuliza Nungarrayi yupi, nami sikumwambia. Akasema chekechea yenu ya kwenye kliniki ya zamani itafungwa kipupwe kimoja tu ili itengenezwe, halafu mtajengewa mpya, weka sahihi hapa. Karatasi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Niliweza kusoma neno moja moja, kama mtu anayeokota kuni gizani. Niliona haya kusema sielewi. Na kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonichoma zaidi miaka yote hii, kwa hiyo nitaliandika. Nilifurahi. Maisha yangu yote watu walikuja kukutafuta wewe, na mimi nilitumwa kuni. Siku hiyo mtu mwenye gari alimtafuta Nungarrayi, akanikuta mimi, akaniita Bi, akanipa kalamu. Nikaandika L. Nungarrayi vizuri, kwa mwandiko wa shule.

Ulipotoka hospitali ukakuta kufuli na watu wanakugeuzia mgongo. Uliapa kuwa hukusaini. Uliapa mbele yangu, jikoni kwangu, nami nilikuwa nakanda mkate na sikusimamisha mikono. Nilijiambia nitasema kesho. Kisha figo zako zikafa, ukaondoka moja kwa moja, na kila kesho ikawa mbali zaidi na ile ya kwanza. Ulipanda ndege ukiwa na jina baya ambalo ni langu. Mwanao amelibeba miaka tisa. Sina cha kuweka juu ya hilo ili lipungue.

Nilisimama. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo kwamba Lorna hakuuza kitu, Lorna alikuwa hospitali, aliyesaini ni mimi Lynette. Nikaomba karatasi ile niione. Yule bwana akasita, Bi Meredith akamwambia anipe. Nikaweka kidole penye sahihi. Nikaomba kalamu, nikaandika tena L. Nungarrayi kando yake, kwa mwandiko ule ule. Nikawaambia ninyi wageni, mimi sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata wa sufuria. Mlichukua sahihi ya mtu asiye na madaraka, aliyesoma neno moja katika kumi, mkafunga nayo mlango wa watoto wetu miaka tisa. Kama hiyo ndiyo sheria yenu, basi chekechea yetu haikuwahi kufungwa kisheria, na sisi hatukuingia kwa wizi. Tumerudi kwetu. Nikawaambia mlango hatutaurudisha kwenye bawaba mpaka ufunguo ukae mkononi mwa Shanelle. Wakitaka kutuondoa, walete polisi asubuhi, wakati wa uji, na wachague wenyewe mtoto wa kuanza naye.

Bi Meredith aliniomba ruhusa ya kuipiga picha sahihi yangu mpya kando ya ile ya zamani. Nikampa. Aliniambia kwa sauti ya chini kuwa sahihi hii inaweza kuniletea kesi. Nikamwambia sawa, ila waandike jina langu lote safari hii.

Wameondoka. Zile siku kumi na nne ziliisha jana, hakuna polisi aliyekuja, wala ufunguo. Wakili wa mjini amepiga simu, anataka maelezo yangu kwa maandishi, nami nitampa. Watoto kumi na tisa walikuwepo Ijumaa. Usidhani tumeshinda. Tupo ndani tu, na hatutoki.

Kuhusu watu: wengine hawanisalimii, na ni haki yao. Yule wa Kambi ya Juu ameniletea nyama akaiacha mlangoni akaenda zake, na sijui maana yake. Shanelle alikaa siku mbili bila kunitazama. Siku ya tatu alikuja alfajiri, akasimama mlangoni, akasema, "Saa moja tunaanza. Usichelewe." Aliponipa mgongo akaongeza kwamba ataandika barua yake mwenyewe kwako, na nisimuulize atasema nini. Sijamuuliza.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Lori lenye mashine za kusafisha damu litapita huku mwezi wa nane na kukaa wiki mbili. Jiandikishe, uje nalo. Ukija na hasira, njoo nazo zote, unigombeze mbele za watu, kwa sauti, hapo hapo penye mlango uliofunguliwa, watoto wakisikia. Miaka tisa waliongea wao. Sasa ni zamu yako, na mimi nitakaa chini nikusikilize mpaka uchoke.

Wasalimie wenzako wote wa hosteli, na yule mzee wa kiti cha jirani anayekuibia biskuti. Shangazi anarudia habari ya blanketi. Watoto hawakujui bado, lakini nimewaambia una sauti kubwa, na wanakusubiri kwa hamu na woga.

Ni mimi mdogo wako,
Lynette Nungarrayi