Kiti cha Kushoto

Port Reitz, Mombasa
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Wafula,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na Mama naye hajambo. Sisi huku tu wazima, ila joto limetukalia vibaya. Mvua za masika bado, na feni yangu haijapumzika tangu Krismasi. Mdogo wangu Brandon aliniambia mmemaliza kulima shamba la chini na mnangoja mvua mpande. Nilifurahi, na nilicheka sana aliposema yule ng'ombe mpya hakubali kukamuliwa na mtu ila Mama peke yake.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Nayajua masikio yako, Baba. Miaka ishirini na minne ya kupakia mizigo kando ya injini za ndege imeyamaliza, na kila nikipiga ni Brandon anayesikiliza kisha akupigie kelele nilichosema, naye hufupisha mno. Habari hii sikutaka ifupishwe. Tena mna jambo ndani yake ambalo nataka ulisome kwa macho yako kabla ya mtu mwingine yeyote pale nyumbani.

Nianze na furaha. Baba, nimekuwa kapteni.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikazunguka meza mara mbili, nikarudi kuisoma kama bado ipo. Ipo. Shati jipya limening'inia hapa mlangoni likiwa na mistari minne begani, na tangu asubuhi nimelipiga pasi mara mbili ingawa halijavaliwa. Jirani yangu Mama Nzai amekuja kuligusa tu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka jana katikati. Mashirika ya Uarabuni yalikuja kuchota marubani, na kwetu peke yake waliondoka makapteni watano katika muda wa miezi mitatu. Wakubwa wakaona ndege zitakosa wa kuzirusha. Wakafungua orodha, wakaita marubani wasaidizi sita tujaribiwe ukapteni, na wakaajiri vijana wapya kumi na wawili kujaza nafasi za chini. Mmoja wao ni Cindy, msichana wa kule Mtongwe, ambaye alikuwa na leseni yake miaka minne huku akiuza simu dukani Likoni. Siku alipopata barua ya kazi alinipigia akawa halii wala hacheki, anasema tu, "Dada, wameniita. Dada, wameniita." Mimi nami, baada ya miaka tisa kwenye kiti cha kulia, cha msaidizi, nikaitwa.

Masomo yalikuwa ya wiki sita Nairobi, halafu miezi mitatu ya kurusha ndege nikiwa kiti cha kushoto, mkufunzi akiwa kulia kwangu. Safari ya mwisho, ile ya kupita au kuanguka, ilikuwa Alhamisi iliyopita, Nairobi kwenda Kisumu, abiria sitini na wanane. Mkaguzi wangu alikuwa Kapteni Margaret, mama mmoja mkimya ambaye wasaidizi wote wanamwogopa. Yeye ndiye aliyekaa kulia, akifanya kazi ya msaidizi, na kwa sheria hakutakiwa kunisaidia kuamua lolote.

Tulipokaribia Kisumu tukakuta wingu jeusi limesimama juu ya ziwa. Mnara wa kuongozea ndege ukatuambia upepo unageukageuka, mara huku mara kule. Nikaizungusha ndege juu, nikangoja robo saa. Wakati huo mhudumu mkuu akanipigia kutoka nyuma, akasema kuna watu wa familia moja wanaokwenda Siaya kuzika, na mkubwa wao amesimama anataka kujua kwa nini hatutui, maana maiti ya mama yao inatoka hospitalini saa tisa. Nikahesabu mafuta. Yalitosha kujaribu mara moja na bado kufika Eldoret.

Nikashuka. Kulikuwa na ndege nyingine mbele yetu kwa dakika chache, nasi tukasikia redioni kwamba imetua salama. Sisi tulipofika chini ya mawingu, uwanja ukaonekana, kisha upepo ukatusukuma kwa nguvu na mwendo ukapungua ghafla mikononi mwangu. Nikatia nguvu injini, nikapanda tena. Halafu Kapteni Margaret, bila kunitazama, akasema, "Mwenzetu ametua."

Nikamjibu, "Ametua yeye. Sisi twaenda Eldoret."

Nikachukua kipaza sauti mwenyewe, nikawaeleza abiria kwa Kiswahili na Kiingereza, na wale wa mazishi nikawapa pole mbele ya wote. Tulikaa Eldoret saa moja na nusu. Mkubwa wa ile familia alikuja mpaka mlangoni kwangu akiwa na hasira, akasema nimemnyima mama yake heshima. Nilisimama nikamsikiliza hadi akamaliza. Nilikuwa na hakika nimeanguka mtihani, Baba, maana mwenzangu alitua na mimi sikutua, na bado nilijua kwamba hata wangenirudisha pale mara mia ningefanya vilevile. Dhoruba ilipopita tukarudi Kisumu, tukatua kwa upole. Yule bwana alishuka wa mwisho. Akanipa mkono.

Kapteni Margaret akatoa karatasi yake, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi. Nikapita.

Sasa Baba, hapo nimeruka jambo moja. Kabla hajatia sahihi aliniambia maneno, na siwezi kukuandikia maneno hayo bila kukueleza yale niliyokuficha zaidi ya miaka miwili. Alisema, "Mara ya kwanza uliniuliza mimi. Leo hukumuuliza mtu."

Mara ya kwanza. Ndiyo, ilikuwepo mara ya kwanza.

Wewe unakumbuka Novemba ya 2022, nilipokuja nyumbani Magongo nikasema Dishon amepewa ukapteni. Ulikuwa unavua viatu. Ukauliza, inakuwaje mtoto wa Oduor aliyeingia kazini miaka miwili nyuma yako akupite? Mimi nikanyamaza. Ukasema basi kuna mtu amekula kitu, nami bado nikanyamaza, nikaingia chumbani. Kweli ni kwamba tuliitwa wote wawili, Dishon na mimi, tukafanya mafunzo pamoja, na nikaanguka.

Tulijaribiwa kwenye ile mashine ya Nairobi inayoigiza ndege. Nilikuwa kushoto, Dishon kulia, Kapteni Margaret nyuma yetu. Akatuwashia moto kwenye injini, kisha moshi ndani ya ndege. Hatua zote nilizijua, ningeweza kuzisema usingizini. Lakini ilipofika mahali pa kuamua, tugeuke tutue sasa hivi au tupande kwanza tujipange, niligeuza shingo nikamwuliza, "Kapteni, tufanyeje?" Miaka saba nilikuwa nimeuliza swali hilo kila siku, nalo likatoka lenyewe. Akaizima mashine. Akasema, "Kapteni ni wewe." Nikaambiwa nirudi kiti cha kulia, nisijaribiwe tena mpaka miaka miwili ipite. Saa mbili baadaye Dishon alikaa kushoto, akapita.

Niliona aibu. Wewe ulikuwa umeshawaambia watu wote wa zamu yako kwamba binti yako yuko karibu kuwa kapteni. Nikajiambia nitakueleza Jumapili, halafu Jumapili ile nyingine. Wakati huo wewe ukasema kanisani, mbele ya kina baba, kwamba akina Oduor wamenunua cheo. Ukaacha kumsalimia Mzee Jacktone Oduor, baba yake Dishon, mtu uliyepakia naye mizigo miaka yote ile, aliyekubeba mgongoni hadi zahanati siku sanduku lilipokuangukia mguuni. Na Januari iliyofuata, mlipohamia Bungoma, yeye alikuja asubuhi bila kuitwa, akabeba kabati letu mpaka kwenye lori pamoja na vijana wa lori. Wewe ulipanda mbele kwa dereva ukapandisha kioo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hatua tatu tu kutoka kwenu. Nikamwona Mzee Jacktone amebaki na kamba mkononi, anatazama lori mpaka likakata kona. Hapo nilipaswa kusema, na sikusema.

Nisamehe Baba. Ulimkosea mtu kwa sababu yangu, ukidhani unanitetea.

Jana baada ya ibada nilikwenda kwao Chaani. Sikutaka ulibebe jambo hili huko peke yako. Nilimkuta sebuleni na mkewe, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Mzee Jacktone akaniuliza swali moja tu.

"Dishon alijua?"

Nikamwambia alikuwepo, alikaa kando yangu.

Kisha akasema kwamba yale maneno ya kanisani yalipomfikia, alimwita mwanawe akamwambia kama amehonga asimfiche. Dishon akajibu hakuhonga, basi, hakuongeza neno. Angeweza kusema, Nafula ameanguka. Angejisafisha kwa maneno mawili mbele ya baba yake mzazi. Hakusema, wala mimi hakunikumbusha hata siku moja. Tena ndiye aliyenifundisha tangu mwaka jana, kila Jumanne tukiwa na nafasi, vitabu vimetandazwa mezani kwangu, akiniwekea matatizo na kukataa kunijibu. Nikimwuliza tufanyeje, anatazama dari. Nilidhani anafanya mzaha.

Mkewe Mzee Jacktone alilia kidogo. Yeye mwenyewe aliinuka, nikadhani anatoka. Akarudi amevaa miwani, akanitaka nimwonyeshe kwenye simu picha ya shati langu lenye mistari minne. Akaitazama sana. Akasema, "Basi Wafula hakunichukia bure. Alikuwa anampigania mtoto wake. Hata mimi ningepandisha kioo."

Baba, shirika letu humpa kapteni mpya tiketi mbili za kwenda na kurudi, awapandishe watu anaowataka siku yake ya kwanza. Siku yangu ni Jumamosi tarehe 15. Nitaondoka Mombasa saa nne asubuhi, nifike Kisumu kabla ya saa sita, kisha nirudi Mombasa mchana huo huo. Tiketi ya kwanza ni yako, kutoka Kisumu. Utakaa kwangu wiki moja, halafu nitakurudisha kwa ndege. Mama asinune, yeye zamu yake ni Pasaka, na nimeshampangia ruhusa yangu ya kazini.

Tiketi ya pili nilimpa Mzee Jacktone. Nilimwuliza ana shughuli gani Kisumu, ili nimsaidie kupanga. Akasema hana shughuli yoyote Kisumu, anakwenda kumchukua Wafula. Viti vyenu vya kuja Mombasa nimeviweka pamoja. Kama huwezi, nitaelewa, nami nitambeba yeye kwenda na kurudi bila kumwambia chochote kibaya juu yako. Lakini nakuomba uje. Nimefanya kazi hii miaka tisa na ni jana tu, aliponiuliza kama mkanda wa kiti unabana, nilipotambua kwamba nyinyi wawili mlijaza matumbo ya ndege hizo miaka ishirini na minne na hakuna aliyewahi kupanda hata moja.

Brandon akupeleke Kisumu mapema, usimame pale nje wanapotokea abiria. Mzee Jacktone atatangulia kutoka. Mimi kapteni hutoka nyuma, nina karatasi za kujaza, kwa hiyo mtakuwa nyinyi wawili tu kwa dakika kama kumi, nami sitakuwepo wa kuwasaidia.

Nisalimie Mama, mwambie namwombea na yule ng'ombe wake. Msalimie Brandon, na umruhusu kuisoma barua hii ukishaimaliza wewe, asije akaivizia. Wasalimie majirani wa pande zote mbili za mto. Hapa Mama Nzai anakusalimu, Cindy anakusalimu bila kukujua, na Dishon amesema nikuandikie kwamba anakuamkia, shikamoo yake ya siku zote.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Lynnette Nafula