Mlango Uliotangulia Nyumba

Baba Salma wangu,

Leo nimeshinda jikoni nikizungumza nawe, mpaka Salma akaja kuniuliza kama niko kwenye simu. Nikamwambia ndiyo. Basi bora nikuandikie, maana wewe hata ulipokuwa hai ulikuwa mgumu wa kujibu.

Mlango wako umepata nyumba.

Unaikumbuka siku ulipouleta? Bado tuko Gulfton, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule, Salma analala kwenye kochi. Ulikuwa umepata kazi kwenye ile yadi ya vitu vya majengo ya zamani, kushusha milango, madirisha na nguzo zilizong'olewa kwenye majumba yanayobomolewa, wauziwe matajiri wa huku Houston na wa Dallas. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kwetu Tanga mtu akipata pesa hutupa mlango mkuukuu; hawa wakipata pesa wanautafuta! Wiki ile lori lilikuwa limetoka mji mmoja wa kaskazini, mji ulioishi kwa kushona viatu. Kiwanda kilifungwa, watu wakatawanyika, kikabaki kung'olewa kipande kipande. Kulikuwa na mlango mmoja ambao wateja waliupita tu, kwa kuwa umechakaa sana chini. Tajiri wako wa yadi akakwambia uuchukue.

Mimi napika zangu, nasikia vishindo kwenye ngazi. Kufungua, namwona Papa Bahati, jirani yetu Mkongomani wa chini, ameshika upande mmoja, jasho linamtiririka.

"Mama Salma," akaniuliza, "hii mulango ni ya kanisa?"

Na wewe nyuma yake unachekelea kama bwana harusi.

"Tumepata nyumba?" nikakuuliza.

"Bado."

"Sasa mlango wa nini?"

"Kwetu Unguja nyumba huanza na mlango. Huu ukishapatikana, kuta zitafuata."

Loh! Siku ile nilikupasha, wewe na Unguja yako. Wapangaji sisi, hata msumari ukutani tunaomba ruhusa, tuna mlango wa kiwanda nyuma ya kochi! Salma akaona aibu kuleta wenzake. "Mama, nita-explain vipi?" Nikamwambia akamuulize Mzanzibari wake.

Jumapili unakaa chini na kitambaa unausugua, na unausugua kwa mafuta yangu ya nazi, ya nywele, niliyoagiza kwa watu kutoka nyumbani. Nikakufumania umechota kiganja kizima. Nilitaka kuanza, ukanishika mkono ukaniketisha.

"Tazama hapa," ukasema.

Ukanionyesha lile bamba la shaba la chini, limebonyea katikati mpaka limekuwa kama kisahani, na mbao juu yake zimelika. Ukasema huu ulikuwa mlango wa stoo, watu wakipita na masanduku ya viatu, hawana mkono wa kufungulia, wanausukuma kwa mguu. Baba na mtoto, miaka na miaka, teke palepale.

"Mwenye mikono mitupu hapigi mlango teke, Mama Salma. Mlango uliochakaa hapa ni mlango wa watu wenye riziki. Na sisi siku moja tutaupiga."

Nikakujibu kwamba mimi ukinipigia mlango wangu teke tutaonana wabaya. Lakini mafuta nilikuachia. Tangu siku ile nilikuwa nikiagiza chupa mbili.

Halafu zile Idi! Unaulaza juu ya viti, natandika shuka, biriani katikati. Papa Bahati na wanawe wanakuja, Wakristo wa watu, wanakula kuliko sisi wenye Idi. Nilikuwa nakutazama pale kichwani pa mlango wako, unamwambia kila mgeni kuwa akanyage taratibu, yuko barazani kwako. Nilikupenda sana, mume wangu. Nilikuwa nakunyamazisha tu kwa sababu watu walikuwepo.

Kisha ukaumwa. Wodini, manesi, watoto wa watu, wanakuuliza kama unasikia maumivu, wewe unaniuliza mimi, "Mlango umeuegemeza vizuri? Usipinde." Nikakwambia haujapinda. Ulikwenda mlango ungali nyuma ya kochi, na kwa muda mrefu sikuweza kuutazama. Niliufunika kwa khanga.

Sasa sikia. Salma ni nesi, na amenunua nyumba Missouri City, papa hapa pembeni mwa Houston. Ina bustani mbele na jua la asubuhi linaingia hadi jikoni. Mlango wake ulikuwa wa bati lililopakwa rangi lifanane na mbao, nikanuna. Salma hakungoja niseme. Yeye mwenyewe, aliyekuwa akiuonea aibu, ndiye aliyesema, "Mama, wa Baba uko wapi?"

Fundi akaja, Mmeksiko mmoja mpole. Akapima, akapima tena, akatikisa kichwa. Mlango ni mrefu kuliko nafasi, na juu kuna boriti, haiguswi. Lazima ukatwe. Akaupangusa, akaweka penseli palepale juu ya bamba. Salma akanifasiria: chini ndiko kulikooza, juu mbao ni nzima, kila mtu mwenye akili angekata chini.

Moyo ulinipasuka. Nikaona wanakukata miguu wewe. Nilikaa sakafuni mbele ya bamba lile, mwanamke mzima, nikakumbatia magoti, nikasema haukatwi hapa.

"Mama, ni sehemu mbovu," Salma akasema.

"Ndiyo hiyo baba yako aliyoinunulia mlango." Nilijua hukuununua, lakini wewe ulikuwa hupo kunisahihisha.

Nikamweleza habari ya masanduku, na ya mikono mitupu. Hakuwa akiijua, mwanangu. Alikuwa mdogo, au alikuwa amelala palepale kwenye kochi tunazungumza. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa sakafuni karibu yangu, akapitisha kidole kwenye lile bonyeo. Kisha akamwambia fundi akate juu, na mbao za chini azizibe kwa ustadi wake. Fundi akatutazama sote wawili pale chini, akageuza mlango.

Kile kipande cha juu tumekifanya rafu ya viatu. Ungecheka. Mlango umetoka kiwanda cha viatu, na kila anayeuingia tunamwambia avue.

Jana nilikuwa nimekaa sebuleni, nimechoka, nikasema nyumba nzuri lakini wewe humo, ina faida gani? Nalia zangu kimyakimya. Mara nikasikia gari, kisha hatua, kisha kishindo chini ya mlango. Teke! Salma ametoka sokoni, mchele, nyama ya Idi, mifuko hadi kwenye viwiko.

"Mama, fungua, mikono imejaa!"

Nilisimama, nikafuta macho, nikafika mlangoni. Lakini sikufungua upesi, Baba Salma. Nilimwacha apige la pili, nikusikilizie na wewe.

Wako, wa chupa mbili za mafuta,
Mama Salma