Uzi Kwenye Ncha ya Kola

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkono wako wa kulia umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila maswali tu, nayo unajua hayana dawa. Mama anakusalimu. Anauliza kila siku kama unakula vizuri, nami humjibu kwamba unakula, maana nimechoka kuulizwa.

Kiwandani tumeletewa mafunzo kazini. Wanaume wanne wa stoo wamepelekwa kwenye chumba chenye feni kufundishwa kutengeneza cherehani. Sisi wanawake kumi na mmoja wa meza ya kola tukapelekwa kantini kufundishwa kuwahi, kutabasamu na kupokea maelekezo bila kununa. Nilimuuliza mkufunzi kwa nini sisi tunaozikalia cherehani hizo kutwa nzima hatufundishwi kuzitengeneza. Akasema wanawake tuna vidole vyepesi kwa asili, na jambo la asili halihitaji cheti. Nikataka kujua hiyo asili ilikuwa wapi wiki yangu ya kwanza, uliponifumulisha kola thelathini huku nalia. Bibi Mkasi, mkongwe wa meza yetu, alicheka mpaka akamwaga chai.

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kichwani. Tunachofundishana wenyewe, kiti kwa kiti, kinaitwa mazoea. Kikiandikwa ubaoni na mtu mwenye tai, kinaitwa ujuzi. Hapo katikati kimebadilika nini? Na kikishaitwa ujuzi, kinamfaa nani? Maana wiki ya pili mkufunzi alikuja na somo la kugeuza ncha ya kola kwa uzi. Unatega uzi kwenye kona wakati wa kushona, ukimaliza unauvuta, na ncha inatoka kali bila kuchokolewa kwa mkasi. Somo likapewa jina la mkufunzi, na idadi ya kola tunazotakiwa kumaliza kwa siku ikapandishwa.

Najua umeshashtuka. Uzi ule ni wako. Uliubuni wewe, kwenye kiti ninachokalia leo. Lakini walipokupunguza kazini waliandika kwamba wewe ni kibarua asiye na ujuzi, na maneno hayo ndiyo yaliyokufungia mlango kwenye kiwanda cha pili ulikoomba kazi.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Aliyemwonyesha mkufunzi ni mimi. Aliniuliza mbona kola zangu ni safi hivi, kichwa kikanivimba, nikamwonyesha. Alipouliza nani alinifunza, nilinyamaza ili anione mwerevu. Naona aibu, dada. Nisamehe.

Ijumaa tulipewa fomu moja ya kusaini kwamba mbinu ya uzi tumefundishwa na mkufunzi. Nikawaeleza wenzangu nilichofanya. Bibi Mkasi akachukua kalamu, akakata neno "mkufunzi", akaandika jina lako kamili na miaka yako kumi na sita mezani, akasaini. Wengine tukafuata. Sijui Jumatatu tutafanywa nini. Karani, ambaye naye amewafundisha mabosi watatu kazi yao, alinitolea nakala ya fomu hiyo.

Nimeikunja humu ndani. Haina mhuri, ila ina sahihi kumi na moja. Ipeleke kiwanda cha pili, na wakikudai cheti, wape hiyo.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu, na usisahau kuukanda mkono.

Mdogo wako uliyemfunza,
Maswali