Muulize Daktari

Gitothua, Ruiru
9 Machi 1957

Kwa Wangeci, mama yangu wa wodi,

Salamu. Mimi ni mzima, shangazi ni mzima, na shavu langu limepoa. Wewe sikuulizi hali. Wewe huwa sawa siku zote.

Nimeondoka hapo Thika na sirudi. Kila mwanafunzi mpya wa unesi hupewa msichana wa mwaka wa tatu amwite mama, naye amfundishe jioni. Mimi nilipewa wewe nikashukuru. Ulinifundisha mifupa, mapigo ya moyo, na kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Ukanifundisha na lile neno: mtu akiulizia mgonjwa wake, mwambie amuulize daktari, na uso usionyeshe kitu.

Basi Mama Ndunge aliniuliza kwa Kikamba mwanawe anaendeleaje. Wodi nzima Mkamba ni mimi peke yangu. Ndunge alikuwa amekata roho asubuhi ile, amelazwa nyuma ya pazia. Nikasema, muulize daktari. Daktari alikuwa Nairobi. Akauliza tena, chupa ya uji wa mtoto kwapani, nikamjibu vilevile. Mchana nikashindwa. Nikamwambia, tukalia pamoja, nawe ukaja ukanizaba kofi mbele ya wagonjwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jina la mama walikupa bure.

Si mwanao tena,
Mbithe

Thika
13 Machi 1957

Mwanangu Mbithe, upende usipende,

Natumaini shangazi hajambo. Mimi sijambo, ila usiniambie niko sawa siku zote. Hunijui.

Sista wa wodi alikuwa anakuja. Mwanafunzi akionekana analia wodini anarudishwa kwao, na hilo unalijua vizuri sana. Nilikupiga unyamaze kabla hajaingia. Nikamwambia una homa, nikakushikia kitanda chako cha bwenini, na shukrani yako ndiyo hii barua.

Mimi mwaka wa kwanza nililia kwa ajili ya mzee mmoja. Mama yangu wa wodi akanisugulisha sakafu mpaka magoti yakachubuka. Sikulia tena. Nawe lia huko, ujipanguse, urudi kabla ya mtihani wa tarehe 25. Ningekuja nikuvute kwa sikio, lakini siku hizi za hali ya hatari sisi Wakikuyu hatutoki bila pasi ya serikali, na nimenyimwa.

Mama yako,
Wangeci

Gitothua
17 Machi 1957

Wangeci,

Shangazi anasema asante kwa salamu. Mimi sisemi.

Magoti yako yalichubuka, kwa hivyo na yangu yachubuke? Na ya watakaokuja mwakani? Wewe ulimwogopa Sista, lakini yule mama alimkosea nani? Alikaa kwenye benchi akimwekea marehemu uji.

Nenda kambi ya wafanyakazi wa shamba la katani anakokaa, umweleze mwenyewe kwa nini alifichwa. Usitume mtu. Usipoenda, kitanda changu mpe mwingine.

Mbithe

Thika
8 Aprili 1957

Kwa Mbithe,

Hujambo? Shangazi je? Homa yako ya uongo imenichosha. Mtihani umepita, na usipoonekana mwezi huu jina lako linafutwa.

Pasi nilipewa ya jana Jumapili. Nilifika kambini asubuhi, nikamwambia Mama Ndunge nimetoka hospitali, nina neno. Akanionyesha kigoda nje ya mlango. "Muulize mwenye nyumba," akasema kwa Kiswahili chake kidogo.

Mumewe alikuwa Machakos. Nikauliza atarudi lini. "Muulize mwenyewe." Akaendelea kufua, anapita na ndoo, hanitazami. Jua likanichoma. Nilipandwa na hasira, Mbithe, nikasema moyoni huyu ananifanya mjinga, kwa nini asinijibu tu. Ndipo nikayatambua yale maneno. Ni yangu.

Nililia kwa sauti, watu wa kambi wakasimama kutazama. Hakunipiga. Alikuja akakaa kando yangu, akasema, "Sasa sema." Nikasema yote. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza.

Lile neno sitalifundisha tena. La kuwekwa mahali pake silijui. Njoo tulitafute wote.

Si mama yako. Dada yako,
Wangeci

Gitothua
12 Aprili 1957

Dada Wangeci,

Hatujambo hapa. Nitafika Jumatatu. Mtihani nitaufanya na wapya, aibu nitaimeza. Lakini hasira bado ninayo, na ukiniinulia mkono tena nitakurudishia, Sista awepo asiwepo.

Kwanza, Jumapili, nakwenda kambini kwa Mama Ndunge. Wewe ulinifundisha lile neno, lakini aliyemwambia ni mimi, tena kwa lugha yake. Nimemwambia shangazi asiningojee jioni, maana sijui nitakalishwa nje mpaka saa ngapi.

Mdogo wako,
Mbithe