Kilo kumi na tano mgongoni

Jumapili, 16 Novemba. Mvua ilinyesha wakati wa ibada, sasa jua linachoma na ua umekauka nusu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari linatuchukua. Siku kumi porini, upande wa Sakania, kukusanya sampuli za udongo na mawe kwa kampuni inayotafuta shaba. Mimi nimemaliza sekondari na nina mwandiko mzuri, kwa hiyo ninaandika namba kwenye vifuko, kisha ninavibeba hadi kambini kama wenzangu. Kilo kumi na tano kila mtu, kila safari.

Mgongo wangu hautaki.

Machi iliyopita, siku ya nne porini, uliniuma upande wa kushoto nikashindwa kunyooka. Shefu, mkuu wa kikosi chetu, aliponiuliza, nilisema malaria. Alinirudisha mjini kwa gari lake mwenyewe, na kesho yake akanitumia machungwa. Angejua ukweli, jina langu lisingekuwa kwenye orodha ya safari hii. Wanaosubiri nafasi yangu ni wengi, na migongo yao ni mizima.

Sijamwambia mtu. Hapa mtandaoni wananisoma watu wachache nisiowajua, ndiyo maana ninaweza kuandika.

Jumatatu nilinunua begi la mgongoni mtaani Kamalondo, aina ile ya kijeshi, kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Alikuwa nalo la kijani lenye madoa. Nikachukua jeusi, sitaki kujieleza kwenye kila kizuizi cha wanajeshi. Lina mikanda mipana ya mabegani yenye sponji, mkanda mwembamba wa kifuani na mwingine mnene wa kiunoni. Zipu inafunguka mpaka chini kama sanduku. Nje limeshonwa tepe ngumu, safu kwa safu, za kuning'inizia vitu. Muuzaji aliapa kwamba nikilivaa nitasahau kama nimebeba.

Sikusahau hata kidogo.

Jumatano nilipakia vifuko vitatu vya unga wa mahindi, vya kilo tano tano, nikatembea mpaka ukuta wa kanisa na kurudi. Maumivu yalianza dakika ya kumi na mbili. Ijumaa nikaongeza nyundo na chupa mbili za maji kwenye zile tepe za nje, kwa kuwa zipo. Dakika ya tisa. Niliandika matokeo yote mawili na kuanza kuogopa kweli.

Leo baada ya chakula nilijaribu tena uani. Mke wangu alikuwa amekaa kando ya mbabula akipuliza makaa, mtoto wetu mdogo amelala mgongoni mwake. Aliniangalia mizunguko miwili. Wa tatu akauliza:

"Papa Naomi, weye njo unabeba begi, ao begi njo inakukokota?"

Nilimwambia ni begi la kazi na lina namna yake. Akacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akasimama, akalishika begi kwa chini kama anayelipima.

"Mutoto habebwake vile. Anateremuka mu kiuno, anakuvuta nyuma."

Alilimwaga lote. Nguo zangu akaziweka chini, unga akaupandisha juu, ukigusa mgongo kabisa. Nyundo na maji akaviingiza ndani. Akaniambia niiname, akalirusha begi juu kidogo, vilevile anavyomrusha mtoto kabla ya kukaza kitenge. Akafunga kiuno kwanza, kwa nguvu, ndipo mabega, mwisho kifua. Wiki nzima nilikuwa nikianza na mabega, na mkanda wa kiunoni nikiuacha unaning'inia kama pambo.

Nikatembea. Uzito ulikaa kwenye nyonga, mabega yakapumua. Dakika ishirini, hakuna kitu. Thelathini, hakuna kitu. Ya thelathini na nne maumivu yakaja, madogo, palepale kushoto. Nikaendelea kutembea na uso wa mtu asiyeumwa.

Mama Naomi alikuja nyuma yangu, akaingiza mkono chini ya begi, akabonyeza kidole. Hakutafuta. Kidole kilikwenda moja kwa moja mahali penyewe.

"Iko hapa?"

Nilikaza mkanda wa kifua.

"Malaria haipindake muntu mugongo, Papa Naomi."

Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, akirudi kwenye makaa yake:

"Tangu ulianzaka kuweka muguu ku kiti juu ya kufunga kiatu."

Miezi minane. Niliona aibu, halafu hofu nyingine ikaingia: kule porini ninafunga viatu kila asubuhi, mguu juu ya jiwe, Shefu akinywa chai yake mbele yangu. Machungwa yale, alimtumia mgonjwa wa malaria au wa mgongo?

Begi limesimama mlangoni, limepakiwa alivyonifundisha. Najua sasa kwamba linanipa dakika thelathini na nne. Kutoka mstari wa mwisho wa sampuli mpaka kambini ni saa nzima.

Nimerudi kwenye ukurasa wa Machi wa shajara hii, ambao sikuwahi kuuweka wazi kwa wasomaji, niliokuwa nimeuandika kwa ajili ya macho yangu mwenyewe. Hata humo niliandika malaria. Nimelifuta neno hilo. Nimeandika mgongo.

Imenichukua muda mrefu kwa neno moja. Kesho, kabla gari halijaondoka, nitaweza kulitamka mbele ya Shefu?