Siku Uliyorudisha Lori kwa Sababu ya Kifungo

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu uondoke na kutuachia mashamba, ghala na sheria zako zote. Mashamba yanalimika. Sheria ndizo zinazotutoa jasho.

Kwa wasiokujua: ulilima mahindi meupe, ukakiuzia kiwanda kinachosaga unga wa uji wa watoto wachanga. Miaka ishirini na miwili ulipukuchua, ukapepeta, ukachekecha, mpaka wafanyakazi wakakubandika jina la Mzee Chekeche. Ulijifanya hulisikii, lakini ulilipenda.

Mlangoni mwa ghala haikupita hereni, saa wala kibanio cha nywele. "Mlaji wetu hana meno," ulikuwa ukisema. "Hajui kutema." Hata Mama, mke wako wa ndoa, alivua pete kila asubuhi akaiweka kwenye kopo, nawe ukamkagua vidole kama mtu usiyemjua.

Kisha ikaja ile Jumanne. Lori lilikuwa limeshatoka na magunia mia na ishirini, kaka yake Mama akiwa kwenye usukani. Kiwanda kilikuwa kimesema wazi: mzigo ukichelewa kupita saa nane mchana, mkataba utakwenda kwa mtu mwingine. Binti yako alikuwa akifagia sakafu alipokuona umesimama, unajipapasa kifua. Koti lako la kazi lilibaki na vifungo vitatu kati ya vinne.

"Mpigie mjomba wako arudi," ukamwambia.

"Baba, kifungo kimoja tu."

"Ni cha plastiki. Sumaku ya kiwandani haitakinasa. Na ni kidogo kama punje."

Mjomba alirudi amenuna. Magunia yote yakashushwa, yakafunguliwa, yakachekechwa upya. Binti yako alipiga magoti kwenye turubai, mahindi yamemwingia hadi viatuni, amevimba kwa hasira, maana mkataba ule ndio uliokuwa ukiwalisha nyote. Ulimwona. Ukapiga magoti kando yake na mgongo wako ule mbovu, ukaanza kupekua.

Saa saba Mama akaleta chakula. Akauliza mnatafuta nini, akaambiwa.

"Hicho kiko kwenye kikombe, juu ya kabati," akasema. "Kililegea, nikakikata asubuhi ulipokuwa unaoga. Si sheria yako mwenyewe? Nimekuja kukuambia mara mbili, ukaninyooshea kiganja ninyamaze. Ulikuwa unawahutubia wafanyakazi."

Msema pweke hana mshindani. Watu wa ghala zima waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Ukajipangusa magoti.

"Basi pakieni," ukasema.

Lori lilifika kiwandani saa kumi. Binti yako alikwenda nalo, akamweleza mkaguzi kila kitu, kwa kuwa njia nzima alikuwa amejaribu kutunga uongo ukamshinda. Mkaguzi huyo, mwanamke, alicheka mpaka akakalia gunia. Kisha akafuta macho, akasema nyumbani ana mtoto wa miezi minane, akatia sahihi. Mkataba ukabaki. Nawe tangu siku ile, Mama akifungua kinywa ulikuwa ukikunja kiganja chako na kukitia mfukoni.

Wiki yako ya mwisho hospitalini hukuweza kula ila uji. Binti yako akakukorogea unga uleule wa kiwanda, ambao miaka yote hukuwahi kuuonja. Akakulisha kijiko cha kwanza. Ukakaa nao mdomoni, ukiuzungusha taratibu kwa ulimi, macho umeyafumba. Dakika ikapita. Akaingiwa na hofu.

"Baba, haumezeki?"

"Subiri," ukasema. "Nakagua."

Kisha ukameza, ukafungua kinywa upewe kingine.

Wanaokukumbuka ni mke wako. Binti yako, ambaye sasa ndiye anayesimama mlangoni mwa ghala. Shemeji yako dereva, anayekana kwamba alilia. Wajukuu zako wawili. Na wote uliofanya nao kazi, uliowakagua na kuwapenda.

Siku zote tutakuwa nawe mioyoni, Mzee Chekeche.